"Kumbe!" inatoka wapi?

Mwezi wa tisa mwaka jana nilikuwa nafundisha fomu tu ile mada ya pembetatu, kwamba pembe zote tatu ukizijumlisha unapata nyuzi 180, na kuna binti mmoja anakaa dawati la pili upande wa dirisha alikuwa amenuna balaa. Sio kununa kwa jeuri, ni ile ya mtu anayekuangalia unaongea, anaona midomo inacheza ila hakuna kinachofika. Nimechora nimefuta nimechora tena, nikapitisha mstari kwenye ncha ya juu ya pembetatu sambamba na kitako chake, nikawaonyesha pembe ya kushoto imejirudia kule juu, ya kulia nayo imejirudia kule juu, ya katikati ipo palepale, zote tatu zimepangana kwenye mstari mmoja ulionyooka, mstari ulionyooka ni 180, kwisha habari. Wenzake "yes madam". Yeye kimya. Nikarudia mara ya tatu kwa maneno yaleyale ila kwa sauti zaidi, ndo ugonjwa wetu walimu, mtu haelewi we unaongeza volumu. Kengele ikalia. Nikageuka kufuta ubao, na nikiwa nimewapa mgongo, vumbi la chaki limejaa kwenye mkono wa gauni, nikasikia nyuma yangu:

"Aaaah! Kumbe!"

Kugeuka namuona anatabasamu peke yake kama mtu aliyepokea meseji nzuri.

Kilichonikaa kichwani ni kwamba wakati anaelewa mi nilikuwa nafuta. Mchoro nusu umeshaondoka, mdomo wangu umefungwa, sijasema neno jipya hata moja. Maneno yangu yote yalikuwepo tangu dakika ya kumi na hayakumsaidia kitu, afu ghafla bila neno lolote kuongezwa, pap, ameona. Sasa nani kamfundisha?

Jioni nikamtumia kaka yangu voisi. Kaka ni padre. (Nyumbani hata mama anamwamkia "Tumsifu Yesu Kristu, Padre" kabla hajamuuliza kama amekula, ila mi bado namuita kaka, na ana deni langu la elfu ishirini tangu hajapata daraja.) Akajibu usiku wa manane: "Mdogo wangu, hilo swali lako lina miaka zaidi ya elfu moja na mia sita, na wamelipigania watu wazito kuliko mimi na wewe." Chini yake pidiefu nne bila maelezo yoyote, ndo tabia yake.

Nimezisoma tangu hapo, usiku usiku, nyingine nimezielewa na nyingine zimenipita kama daladala iliyojaa. Na nataka niwasimulie kwa sababu nilitegemea kukuta mambo ya malaika na moshi wa ubani, nikakuta watu wazima wanagombana kuhusu kitu kilichotokea kwenye darasa langu.

Kwanza hebu tusimame hapo kwenye lugha yetu kidogo. Neno kumbe hulisemi kwa kuamua. Huwezi kukaa ukasema saa kumi jioni ntasema kumbe. Linakutoka. Na neno "kuelewa" lenyewe angalia lilivyo, wazee wa pwani wakiwa wamefahamu jambo wanasema "yamenielea", yaani maneno ndo yaliyofanya kazi, yamekuwa wazi kwangu, na kuelewa ni hilohilo elea likiwa limetendwa. Kama kupigwa, kama kunyeshewa. Yaani kwa sarufi ya Kiswahili wewe unayeelewa ndo unayefanyiwa, sasa anayefanya ni nani? Sarufi haisemi. Hapo ndo wanaingia hawa jamaa.

Wa kwanza ni Augustino. Alizaliwa mwaka 354 Thagaste, leo ni Souk Ahras huko Algeria, kwa hiyo ni mtoto wa bara hili, ingawa watu wakimchora wanamchora kama babu wa Kiitaliano. Alikuwa mwalimu kabla ya yote, alifundisha ufasaha wa kusema Carthage, Roma, Milano, analipwa kwa maneno. Na huyu mtu aliyekula ugali wake kwa maneno ndo aliyekuja kuandika kwamba maneno hayafundishi kitu.

Alikiandika mwaka 389 hivi, baada ya kubatizwa na kurudi nyumbani Afrika, kitabu kidogo kinaitwa De Magistro, yaani Kuhusu Mwalimu. Ni mazungumzo yake na mwanae, Adeodatus, kijana wa miaka 16. Baadae Augustino mwenyewe aliandika kwamba mawazo yote yaliyowekwa mdomoni mwa huyo kijana yalikuwa ya kijana kweli, na kwamba akili yake ilikuwa inamtisha yeye baba. Muda sio mrefu kijana akafariki. Ukishajua hilo kitabu hakisomeki vilevile, unasoma baba anataniana na mtoto kuhusu maana ya maneno na unajua kinachokuja.

Hoja yenyewe inaanza kijinga kabisa, ukiongea unataka nini? Kufundisha, anasema kijana. Haya, baba anamuuliza, nikisema neno usilolijua, nimekufundisha nini? Anachukua mfano kwenye Biblia, kitabu cha Danieli sura ya tatu, wale vijana watatu waliotupwa kwenye tanuru ya moto, imeandikwa kwamba sarabarae zao hazikuharibika. Sarabarae ni nini? Hujui. Nikikwambia ni mavazi ya kichwani utasema aha, lakini kilichokusaidia sio hilo neno, ni kwa sababu kichwa unakijua na vazi unalijua, ulishaviona kabla. Neno limekuja mwishoni kama lebo.

Hapa nilicheka peke yangu, kwa sababu nilifungua Biblia ya Kiswahili sehemu hiyo na imeandikwa suruali. Suruali! Na watu wa lugha wanalihusisha hilo neno la Danieli na sirwal ya Kiarabu, ndo hiyohiyo suruali yetu. Kwa hiyo mtakatifu wa watu alikuwa anajua kabisa ni kitu cha kichwani kumbe ni cha miguuni, na hoja yake ndo inazidi kupata nguvu, maana neno alikuwa nalo mkononi na halikumfundisha chochote.

Kuna sehemu baba anamshika kijana. Baba anasema vitu vingine unaweza kuonyesha bila maneno, mtu akikuuliza kutembea ni nini unainuka unatembea. Wanaendelea wanakuja kwenye mtego, vipi kama unaulizwa ukiwa tayari unatembea? Ukiongeza mwendo atadhani kutembea maana yake ni kuharakisha. Yaani hata kuonyesha hakutoshi, mtazamaji lazima achague mwenyewe anaangalia nini kati ya yote unayomwonyesha. Mwalimu yeyote aliyewahi kuchora pembetatu ubaoni afu mtoto akaandika kwenye daftari kwamba pembetatu ni kitu cheupe, huyo anajua nazungumzia nini.

Afu mwishoni ndo inakuja ile sentensi niliyoikopi nikaibandika ukutani pale nakosahihishia madaftari, naiweka kwa Kiswahili changu: ni nani mpumbavu wa udadisi kiasi cha kumpeleka mwanae shule akajifunze mwalimu anafikiria nini? Hakuna. Mzazi hajalipia mawazo yangu mimi madam. Kalipia mtoto ajue pembetatu. Na mtoto, anasema Augustino, akishasikia maneno ya mwalimu anaingia ndani yake mwenyewe kuangalia kama yaliyosemwa ni kweli, na humo ndani kuna anayemjibu. Huyo wa ndani ndo mwalimu, na kwa Augustino huyo ni Kristo. Sisi wa nje tunapiga kelele tu mlangoni.

Na picha anayotumia ni mwanga. Alishaisema kabla, kwenye kitabu chake cha kuongea na nafsi yake, kwamba ardhi inaonekana na mwanga unaonekana, lakini ardhi haionekani mpaka imulikwe, na vivyo hivyo yale ya hesabu na elimu nyingine hayaonekani na akili mpaka yamulikwe na jua lao, na hilo jua ni Mungu. Picha kaitoa kwa Plato, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hafichi. Ila Plato alisema tunaelewa kwa sababu tunakumbuka, roho ilishaona yote kabla ya kuzaliwa, na ushahidi wake ni mtumwa mmoja mdogo aliyeulizwa maswali ya jiometri akayajibu bila kufundishwa. Augustino anamjibu kwa utani mkavu, kwamba haiwezekani sisi wote kwenye maisha yaliyopita tulikuwa wanajiometri, kwa sababu wanajiometri ni wachache mno duniani. Mi na matokeo ya hesabu ya mkoa wetu tunakubaliana nae asilimia mia.

Lakini sehemu iliyonipiga kweli sio De Magistro, ni kwenye Maungamo, kitabu cha 12. Anasema hivi, kama sote wawili tunaona kwamba usemacho ni kweli, na sote tunaona nisemacho ni kweli, nakuomba, tunaionea wapi? Mi siioni ndani yako na we huioni ndani yangu, ila wote kwenye ukweli usiobadilika ulio juu ya akili zetu. Soma tena polepole. Yule binti wa dirishani na mimi na kijana wa Thagaste aliyekufa zamani, sote tumeona 180 ileile. Sio 180 ya kila mtu na yake. Ingekuwa ndani ya kichwa changu ningekufa nayo. Ingekuwa ubaoni ningekuwa nimeifuta.

Kaka alivyosoma meseji yangu ya furaha akaandika "tulia, hapo ndo mwanzo".

Kwa sababu baada ya hapo imepita miaka mia nane watu wanakula hicho chakula, na Ulaya ya karne ya 13 wakaletewa kingine. Kinatoka Hispania, Toledo, ambako karne ya 12 watu walikaa kutafsiri vitabu kutoka Kiarabu kwenda Kilatini, Aristotle ndani (huyo ni mwanafunzi wa Plato) na Waislamu waliomfafanua ndani. Ibn Sina (980 mpaka 1037), daktari na mwanafalsafa, alikuwa na picha yake ya mwanga, kwamba kuna akili moja tendaji iliyojitenga na sisi, ipo juu, na ndo inayozimulikia akili za watu wote. Nilimsimulia jirani yangu, Ustadhi mmoja anafundisha madrasa, nikidhani namletea jipya. Akanisikiliza vizuri akasema, "Dada yangu, hiyo nuru mbona sisi tunalala nayo, sura ya 24, aya ya 35, Mwenyezi Mungu ni nuru ya mbingu na ardhi, mfano wa nuru yake ni kama shubaka ndani yake mna taa." Akaniambia Ghazali, mwanazuoni wao wa zamani, ana kitabu kizima juu ya shubaka hilo. Na neno lenyewe nuru tumelitoa Kiarabu, Mkristo wa kwetu akisoma Yohana sura ya kwanza, ile nuru halisi amtiaye nuru kila mtu, anasoma kwa neno la akina Ustadhi. Tukanywa kahawa tukaacha hapo.

Kuna askofu mmoja wa Lincoln, Robert Grosseteste, aliyefariki 1253, nampitia haraka ingawa ananipendeza. Yeye alisema mwanga sio mfano tu, ndo kitu cha kwanza kilichoumbwa, nukta moja ya mwanga ikajizidisha pande zote mpaka ikawa ulimwengu wa duara. Mtu wa hesabu lazima ampende.

Timu ya kaka ni Bonaventura. Mfransisko, yaani mtawa wa shirika la Fransisko wa Asizi, mzaliwa wa Bagnoregio Italia, mkuu wa shirika lao tangu 1257. Mwaka 1259 alipanda mlima La Verna, uleule ambao Fransisko alipata madonda kama ya Yesu, na huko akapata wazo la kitabu chake cha safari ya akili kwenda kwa Mungu. Humo kuna kitu kimoja tu ntawasimulia. Anasema akili yetu ni kipofu wa ajabu, haioni kile inachokiona kwanza na ambacho bila hicho haioni kingine chochote. Kama jicho linavyoshughulika na rangi hizi na zile, mwanga wenyewe unaoonyesha rangi halioni, na hata likiuona halijali. Na likigeuzwa liuangalie mwanga mtupu linadhani halioni kitu, kama jicho la popo mchana.

Na pia ana kitabu kidogo kingine, cha kurudisha sanaa zote kwenye teolojia, ambacho anasema mianga iko minne, na wa kwanza, wa nje kabisa, ni wa kazi za mikono. Ufumaji upo kwenye orodha. Kilimo kipo. Usafiri wa majini, uganga wa dawa, uwindaji, kutengeneza silaha, hata michezo ya jukwaani. Orodha kaitoa kwa Hugo wa Mtakatifu Victor wa Paris. Mama yangu amesuka mikeka ya ukili miaka arobaini, hajui kusoma Kilatini wala hajali, lakini ukimuona anavyohesabu miti ya ukili kwa vidole huku anaongea na wateja, na mauwa ya mkeka yanakuja yenyewe sawasawa pande mbili, unasema huyu Bonaventura alikuwa anajua watu. Wasomi wengi wanaanzia mwanga kwenye vitabu. Yeye kaanzia kwa fundi. Kaka nilipomwambia hili alinitumia ile emoji ya kulia.

Ila mi sikubaki huko. Mi nimeangukia kwa Thomas Aquinas, mtawa Mdominiko wa Italia, na sitaki kuficha.

Thomas na Bonaventura walikuwa Paris pamoja, chuo kikiwa na ugomvi mkubwa kati ya mapadre wa kawaida na hawa watawa ombaomba, na wote wawili wamepokelewa rasmi kama walimu wakuu mwaka 1257, na wote wawili wamekufa mwaka 1274, Thomas tarehe 7 Machi akiwa njiani kwenda mtaguso wa Lyon na Bonaventura tarehe 15 Julai akiwa huko huko Lyon. Na miaka hiyo Thomas alikuwa anaendesha mijadala yake juu ya ukweli, na swali la 11 kalipa jina lilelile la Augustino, Kuhusu Mwalimu. Swali la kwanza kabisa, je, mtu anaweza kumfundisha mtu, au ni Mungu peke yake?

Na jibu lake ni daktari. Mgonjwa anaponaje? Mwili wenyewe ndo unaojiponya, una nguvu hiyo ndani. Daktari hamwagi afya kutoka kwenye chupa. Lakini huwezi kusema daktari hajafanya kitu, anausaidia mwili kwa dawa ili ufanye kazi yake. Mwalimu hivyohivyo, ndani ya mtoto kuna mwanga wa akili, Mungu kauweka, mi siwezi kuuwasha wala kuuzima, lakini nachukua ishara zangu, maneno, michoro, chaki, nampitisha kwenye njia ileile ambayo akili yake ingepita yenyewe kama ingekuwa peke yake na ina muda. Yule binti kaona mwenyewe. Nimefundisha kweli. Yote mawili yanasimama.

Sasa angalia alichofanya kimyakimya. Augustino mwanga ni Mungu anayekumulikia sasa hivi. Ibn Sina mwanga uko kwenye akili moja huko juu. Thomas anasema hapana, mwanga ni wako. Umepewa, ndio, na ni mfano ulioshirikishwa wa ule mwanga usioumbwa, lakini ukishapewa ni wako kama macho yako ni yako. Kwenye Summa, kile kitabu chake kikubwa cha teolojia, sehemu ya kwanza swali la 84, anajiuliza wazi kama tunajua vitu ndani ya mawazo ya milele ya Mungu, na anagawa jibu, hatuyaoni kama unavyoona kitu kwenye kioo, hapana, tunajua kwa hayo kama tunavyoona kwa jua. Huliangalii jua. Unaangalia mbuzi. Na pia bila mbuzi, yaani bila milango ya fahamu na picha zinazoingia kutoka nje, mwanga peke yake haukufikishi kokote. Kwa mwalimu hii ni habari njema, chaki yangu ina kazi.

Kaka hakupenda. "Umeshusha bei," akaniandikia. "Augustino kila mtoto akisema mbili na mbili ni nne Mungu yupo hapo hapo anamshika mkono. Thomas kampa tochi kaondoka." Nikamwambia kaka kwa heshima zote, tochi bila betri haiwaki na betri ni ya nani. Hakujibu siku mbili.

Na sio kaka peke yake. Mwaka 1285 John Pecham, Mfransisko aliyekuwa askofu mkuu wa Canterbury, alilalamika kwenye barua kwamba siku hizi za mambo mapya watu wanabomoa yale Augustino aliyofundisha kuhusu kanuni za milele na mwanga usiobadilika. Ukisoma hilo lalamiko ni kama mzee anayesema vijana wa leo hawaamkii.

Upande wa mwanga ukapata mtetezi wake wa mwisho mkubwa, Henry wa Ghent, alifariki 1293. Hoja yake nakupa kwa noti. Ukiwa na noti ya elfu kumi mkononi unaweza kujua kilichopo, rangi yake, picha yake, hata mtoto anajua. Lakini kujua kama ni noti ya kweli lazima uwe na kipimo cha kulinganisha nayo. Sasa kipimo utakitoa wapi? Ukikitoa kwenye noti nyingine ulizoshika, hizo nazo zinachakaa, na kichwa chako kinachozikumbuka nacho kinasahau na kuchoka. Kitu kinachobadilika hakiwezi kukupa uhakika usiobadilika. Kwa hiyo ukitaka ukweli safi Mungu lazima akumulikie kwa kipimo chake mwenyewe. Nilisoma nikasema hapa hakuna pa kutokea.

Afu akaja Mskoti. John Duns Scotus, Mfransisko pia, kwa hiyo ni wa nyumba ya Bonaventura, na ndo aliyeivunja. Alikufa Cologne tarehe 8 Novemba 1308 akiwa bado hajafika hata miaka hamsini. Anamwambia Henry, sawa, unasema kitu kinabadilika, akili inabadilika, kwa hiyo hakuna uhakika mpaka mwanga uongezwe. Lakini kama hivyo viwili vinaharibu uhakika, ukiviongezea mwanga bado vimo! Ni kama mnyororo, pete moja ikiwa mbovu huwezi kuukomboa kwa kuunganisha pete ya dhahabu pembeni. Henry kumbe hajautetea mwanga, kafungua mlango kwa wale wanaosema hakuna mtu anayejua chochote.

Na Scotus anaendelea kuonyesha kwamba uhakika tunao, wa kawaida kabisa. Ukijua maana ya zima na maana ya sehemu, unajua zima ni kubwa kuliko sehemu yake, haijalishi hayo maneno ulifikaje nayo. Anasema hata mtu aliyezaliwa kipofu, kwa muujiza ndotoni akaonyeshwa nyeupe na nyeusi, akili yake ingesema kwa uhakika nyeupe sio nyeusi, na ndoto ni ndoto lakini hilo ni kweli. Na unajua kwa hakika kwamba uko macho sasa hivi unasoma, hakuna wa kukuthibitishia.

Ile ya kipofu imenirudisha kwenye ubao. Nilikuwa nafuta. Binti hakuwa anaangalia mchoro tena, alikuwa nao kichwani, mstari wangu uliopinda pinda wa chaki mbovu, na kwenye huo mstari mbovu kaona kitu kisichopinda. Kwa Scotus hapo hakuna kinachohitaji kuongezwa. Na ukweli ni kwamba ukimsoma unashindwa kumjibu, mi nimejaribu. Lakini bado lile swali la Augustino, tunaionea wapi, halijaondoka kwangu, Scotus kaniambia kwa nini nina uhakika, hajaniambia kwa nini uhakika wangu na wa binti ni mmoja. Yeye mwenyewe anakubali mwishoni kwamba kwa namna fulani tunaona kwenye mwanga wa milele, kwa maana vitu vyote vinavyofahamika vinafahamika kwa sababu akili ya Mungu imevipa kufahamika, ila hapo usingizi ulinishika.

Kwa hiyo nilikuwa nimetulia zangu na Thomas wangu, mpaka mwezi wa tatu mwaka huu.

Hawa jamaa wote, sijui kama umeona, kwenye vitabu vyao wakitaka mfano wa kitu cha kweli siku zote, mfano wanaoupenda ni pembetatu, pembe zake ni sawa na pembe mraba mbili. Kaurithi Aristotle, wakaurithi wao, nimeurithi mimi. Basi siku hiyo nipo ofisini nasahihisha, binti wa dirishani, sasa yuko fomu sri, kaja kabeba lile tufe la jiografia la maabara, limepasuka upande wa Australia, limefungwa na solatepu.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Hilo umeruhusiwa kulitoa?"

Hakujibu hilo. Akaweka kidole Ncha ya Kaskazini. "Madam, nikishuka na longitudo hii mpaka Ikweta. Nikirudi juu nikashuka na hii nyingine ya nyuzi 90. Hapa chini nimekata Ikweta mraba, hapa nimekata mraba, na huku juu kati yao ni 90." Akainua macho. "Si ni pembetatu? Mbona ni 270?"

Chuoni walitufundisha. Naapa walitufundisha, kwenye tufe pembe zinazidi 180, iko kwenye noti zangu mahali fulani kwenye begi juu ya kabati. Lakini miaka yote ile nimesimama mbele ya ubao bapa nikisema pembetatu yoyote, popote, 180, na huyu mtoto hajafundishwa na mtu, hakuna kitabu mkononi, ana tufe bovu na kidole. Nikalizungusha lile tufe. Nikapima kwa kiganja. Nikazungusha tena.

"Kumbe," nikasema.

Akacheka. Nikamwambia arudi Jumatatu, na tufe aliache hapo mezani.